Vyungu vya Kuazima

Wanafunzi walimwita Mama Mboji, na wala si jina alilojichagulia. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, na mlezi wa klabu ya mazingira. Muhula mzima yeye na watoto wa klabu walikusanya mabaki ya chakula cha mchana, majani yaliyofagiliwa uwanjani na majivu ya jikoni, wakayarundika nyuma ya darasa la mwisho yaoze kuwa mboji, na kuyageuza kwa zamu. Mwanzoni rundo lilinuka mpaka walimu wenzake wakawa wanafundisha madirisha yakiwa yamefungwa. Baadaye harufu ikakata. Mboji ikawa nyeusi, laini, yenye joto ukitia mkono, na minyoo tele. Kando yake wakalima matuta ya nyanya.

Kwa hiyo idara ya elimu ilipotangaza shindano la shule inayotunza mazingira, Mama Mboji hakuwa na wasiwasi. Aliwaambia watoto wajiandae kueleza walichofanya, basi.

Majaji walitarajiwa Jumatatu, na asubuhi hiyo alifika mapema, akapitia nyuma moja kwa moja. Rundo halikuwepo. Matuta pia hayakuwepo. Ardhi ilikuwa imesawazishwa, ikamwagiwa kokoto, na pembeni mawe yamepangwa mstari na kupakwa chokaa. Alisimama pale na mkoba wake begani.

Alisikia gari likipakua vitu upande wa mbele. Alipozunguka, akamkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye bustani ya kuuza maua, akishusha vyungu vya maua kutoka kwenye pikapu na kuvipanga barazani mwa ofisi.

"Shem, umeamkaje?"

"Hivi vyungu ni vya nani?"

"Vyangu. Mkuu wenu ameviazima. Jioni narudi kuvichukua." Alimtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Kwani hukuambiwa?"

"Ningeambiwa ningekuuliza?"

"Shem, mimi naitwa, naleta. Usinitie kwenye ugomvi wa ofisini kwenu."

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini akifunga tai mbele ya kioo. Alikuwa mtu wa usafi, aliyepiga deki baraza lake mara mbili kwa siku, au tuseme aliyewapigisha wengine.

"Mwalimu, nimefika nyuma," Mama Mboji alisema.

"Umeona palivyopendeza?"

"Mboji iko wapi?"

"Lile jaa? Lori la taka limebeba juzi Jumamosi. Ungetaka majaji wakute uchafu?"

"Ule haukuwa uchafu. Ndiyo kazi yenyewe. Watoto wameihangaikia muhula mzima."

"Na watapongezwa. Wewe panga watoto wako mstari, waimbe vizuri. Mengine niachie."

Mama Mboji akatoka. Huko nje mwenyekiti wa klabu, msichana mdogo mwenye mdomo usiotulia waliyemwita Wakili, alikuwa ameshaona kokoto. Alikuwa analia kwa hasira.

Majaji walikuja watatu. Walitembezwa mbele, wakaonyeshwa vyungu, wakapiga picha. Jaji mmoja, mama wa makamo, aliinama kwenye ua moja jekundu, akamwuliza Wakili, "Hili linaitwaje, mwanangu?"

"Sijui," Wakili alijibu. "Limekuja leo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akacheka nao, kwa nguvu kuliko wote, akasema watoto wa siku hizi wana utani. Mama Mboji akaona hapo ndipo pa kusemea.

"Hatanii," alisema. "Vyungu ni vya kuazima. Tulikuwa na mboji na bustani nyuma, vimeondolewa ili mkute pasafi."

Jaji alimtazama, akatazama karatasi yake. "Pole, mwalimu. Lakini sisi tunapima tunachokiona."

Shule ilipata nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa tangi la kuvunia maji ya mvua. Mama Mboji aliomba lifungwe nyuma, pale pa bustani, ili waanze upya. Mwalimu mkuu akakataa.

"Zawadi haifichwi uani. Likae mbele, mgeni akiingia alione."

"Mgeni hanyweshi nyanya."

"Mwalimu, ile siku ulinidhalilisha, nikanyamaza. Usinichokoze."

Tangi likafungwa kando ya ofisi. Mama Mboji hakubishana tena. Aliwaambia watoto wachimbue kokoto, warudishe matuta, na waanze rundo jipya. Maji wangeyachota palipo na maji. Na njia fupi kutoka tangini hadi bustanini ilipita katikati ya baraza la mwalimu mkuu.

Kila siku baada ya masomo watoto wakapita na ndoo zilizojaa pomoni. Mama Mboji hakuwaambia wamwage, wala hakuwaambia wasimwage. Maji yalimwagika, miguu yenye tope ikarudi juu yake. Baraza likadekiwa, likachafuka, likadekiwa tena. Mwalimu mkuu alipoteleza mbele ya mzazi aliyekuja kumwona, akashikilia mlango na kubaki ananing'inia, alimwita Mama Mboji.

"Wapitishe kwingine."

"Kwingine ni kuzunguka madarasa yote, na ndoo kichwani. Ni watoto hawa."

Siku chache baadaye mafundi wakaja, wakalihamishia tangi nyuma.

Kwenye mkutano wa asubuhi mwalimu mkuu alitangaza kwamba ameona ni busara tangi liwe karibu na bustani. Walimu wakampigia makofi. Mama Mboji alipiga pia, mara moja, huku meno ameyauma. Alikuwa amepata tangi, lakini mboji ya muhula mzima ilikuwa imekwenda na lori, na hakuna aliyeitaja.

Jioni aligeuza rundo jipya pamoja na watoto. Lilikuwa bado bichi, likinuka vibaya.

"Mwalimu," Wakili aliuliza, ameziba pua kwa kola ya shati, "mwakani wakija tena je?"

"Watalikuta hapahapa," alisema, akachomeka reki. "Nitalala juu yake ikibidi. Haya, shika upande ule."