Pitia, Programu ya Mjomba

Mjomba ndiye aliyembandika jina la Haraka, wiki ya kwanza tu alipoanza kumfundisha kazi ya studio ya picha, na jina likamganda. Sasa Haraka ni mtu mzima, fundi wa kompyuta mwenye ofisi yake. Lakini alipokalia stuli ile yenye mguu uliofungwa waya, alijiona yuleyule binti wa miaka kumi na tisa. Pazia jekundu bado lilikuwa ukutani. Aliyekosekana ni Mjomba, na chumba kilimlilia.

Marehemu aliacha agizo moja: kabla ya mwenye nyumba kukabidhiwa chumba na kompyuta, picha za wateja zifutwe, isitoke hata moja. "Sura ya mtu ni amana," ndivyo alivyozoea kusema. Makabidhiano yalikuwa leo saa sita. Na humo ndani, kati ya faili elfu nne zenye namba tupu, ilikuwamo picha pekee ya mama yake Haraka, aliyefariki Haraka akiwa bado ananyonya. Siku tatu amezifungua moja moja akiitafuta. Hajafika hata mia saba.

Saa tano na nusu akaiita Pitia. Hiyo ni programu aliyoiandika Mjomba mwenyewe: unaipa folda na amri moja, nayo inapita faili baada ya faili ikiitekeleza. Ila kwa kila faili lazima iulize, "Una hakika?" Enzi zile Haraka alichoshwa na maswali hayo, akaongeza neno "usiulize". Harusi nzima ya watu ikafutika, maharusi, wakwe na keki yao. Mjomba hakumgombeza. Alivua miwani, akaipangusa weee, kisha akasema, "Twende tukaombe radhi, mwanangu. Wewe utatangulia mlangoni."

Mlango ule Haraka hajausahau mpaka leo. Lakini maswali elfu nne kwa nusu saa? Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Nisamehe, Mama," akasema kwa sauti, machozi yakimlengalenga. Akaandika: pitia, futa, usiulize.

Namba zikateremka kwenye skrini mbio mbio. Elfu moja. Elfu mbili. Mara kimya. Akadhani kompyuta imekata roho, akainua mkono aipige kibao ubavuni kama zamani. Ndipo mstari ukajiandika:

"Haraka, nilijua tu hutangoja. Hii siifuti hata uniamuru vipi. Ifungue."

Akaifungua. Mwanamke kijana alikuwa amekalia stuli hii hii, mguu wa stuli ukiwa bado mzima, amepakata mtoto mchanga na kucheka na mpiga picha, kaka yake. Kidevu kilikuwa cha Haraka kabisa. Akalia kwa kwikwi, mikono yote miwili kwenye skrini.

Saa sita kamili mwenye nyumba akagonga mlango.

"Subiri kidogo," akajibu Haraka, kwa mara ya kwanza maishani mwake.