Kabla ya Mlio wa Nne

Majirani walimbatiza jina la Haloo, na jina likamganda hata mumewe naye akawa analitumia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye sauti nzuri kuliko uso, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ya mapokezi ya kampuni ya bima akiunganisha simu za watu wengine. Siku bosi mpya alipoanza kuandika dakika anazokaa msalani, Haloo alibeba kikombe chake na kile kioo kidogo cha mezani, akaondoka bila kugeuka nyuma. Alisema anakwenda kuwa bosi wa nafsi yake. Sasa ngoja nikwambie bosi huyo alivyomfanyia.

Wazo lenyewe halikuwa baya, tusimcheke. Mji ulijaa watu wenye kazi zao ndogo, wasio na ofisi ya maana wala karani, ambao mikono yao ikishakuwa kazini simu inaita mpaka mpigaji anakata tamaa. Haloo aliwafuata mmoja mmoja akawaambia wamwachie hizo simu, atawapokelea nyumbani kwake. Akapata wanne: fundi bomba, daktari wa meno, wakili na mtengeneza majeneza. Kila mmoja alileta simu yake, naye akazipanga mezani katika chumba cha nyuma, kila simu na daftari lake. La daktari wa meno lilikuwa la bluu.

Tena kila mmoja alitaka wapigaji waamini kwamba karani yuko hapo hapo ofisini kwake. Basi Haloo akajitengenezea sauti nne. Ya fundi bomba ilikuwa ya harakaharaka, ya wakili ya polepole na ya juu kidogo, ya majeneza ya chinichini kama ya mtu aliyekwisha kulia. Ya daktari wa meno ilikuwa laini, na aliitoa huku akitabasamu kwenye kioo chake, kwa sababu kule kwenye bima walimfundisha kwamba tabasamu linasikika kwenye simu. Miaka kumi na tisa ya kufanya hivyo ilikuwa imemwachia mashavu yanayopanda yenyewe, apende asipende.

Mkataba aliuandika wakili, na wakili haandiki kitu cha kujiumiza. Ulisema simu yoyote ipokelewe kabla ya mlio wa nne, na zikipotea tatu ndani ya mwezi mmoja, makubaliano yamekufa. Wale wengine watatu wakaunakili neno kwa neno. Haloo alisaini zote nne huku akicheka.

Kicheko kilimwisha mwezi wa pili. Kazi ilianza saa moja asubuhi ikaisha saa moja jioni, siku saba, maana bomba halichagui siku ya kupasuka na watu hufa hata Jumapili. Dirisha alilifunga kwa sababu ya kelele za mchomeleaji wa jirani, na joto la chumba likawa linampika humo humo. Msalani alikwenda na kikapu chenye simu zote nne ndani, akakiweka miguuni, roho juu juu. Mlango wa mbele wa nyumba yake mwenyewe akawa anauona asubuhi mume anapotoka na jioni anaporudi. Kule kwenye bima angalau walimhesabia dakika. Hapa alijihesabia milio, na milio ilikuwa mifupi kuliko dakika.

Mumewe alikuwa mwalimu, na majirani hawakujisumbua kumtafutia jina jingine. Maskini huyo alipiga kelele darasani kutwa, akifika nyumbani anavua viatu mlangoni na kuongea kwa nyusi. Masufuria aliyatenganisha kwa vitambaa yasigongane. Siku moja alimhurumia mkewe, akamwambia aende hata dukani akanyooshe miguu. Ikaita ya majeneza. Mwalimu akapokea kwa sauti ya darasani, "Sema unachotaka, haraka," na mjane wa watu akakata. Mtengeneza majeneza nusura aichukue simu yake siku hiyo hiyo. Mwalimu hakurudia tena, naye Haloo hakumwomba.

Lakini lililokuwa linamla Haloo si joto wala msala. Ni mama yake.

Mama yake aliishi peke yake upande wa pili wa mji, na Haloo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Zamani za meza ya bima alikuwa anamtembelea kila Jumamosi. Tangu aanze kuwa bosi wa nafsi yake, miezi minane ilikuwa imepita hajakanyaga huko. Mama alijitahidi kuja yeye mara moja. Alikaa kwenye kigoda pale chumba cha nyuma akaanza kusimulia habari za mpangaji wake, na simu ya wakili ikaita. Haloo akamwekea mama yake kidole mdomoni. Hakukiweka mdomoni mwake mwenyewe, alikiweka kwenye midomo ya mama, kama anavyofanyiwa mtoto. Mama alinyamaza, akakaa saa nzima bila kukohoa, kisha akaaga kwa mkono na hakuja tena. Kila Haloo alipokumbuka kidole kile alitamani kukikata.

Halafu yakaja mambo ya macho ya mama. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia halitamaliza mwezi, na kilichopotea hakirudi. Habari hizo Haloo alizipata kwa mpangaji, maana simu yake mwenyewe ilishinda kwenye droo imezimwa sauti, na akiitoa jioni mama alikwisha kulala. Akamwambia mpangaji amwambie mama atakuja wiki hiyo. Wiki ikapita. Akasema ijayo. Ilipofika Jumatano ya wiki ya tatu, simu mbili za wakili zilikuwa zimeshampotea mwezi huo, moja kwa sababu ya kuharisha, nyingine kwa sababu ya usingizi tu.

Jumatano hiyo asubuhi ikaita ya daktari wa meno. Akajitazama kwenye kioo, mashavu yakapanda.

"Kliniki ya meno, habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema. "Nimemwambia mpangaji anisomee namba kwenye kibao cha huyo daktari wako. Hii naona ndiyo unayopokea."

Haloo hakupata hata nafasi ya kuona haya. Simu ya wakili ikaita mlio wa kwanza, ukaja wa pili. Mdomo ukasema wenyewe, kwa ile sauti laini, "Tafadhali subiri kwenye laini," naye akamweka mama yake mezani, akamchukua wakili. Aliyepiga alikuwa mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba, na mzee yule aliianza kesi tangu babu zake wapande mti wa mpaka. Dakika sita nzima. Haloo alipoirudia ya daktari hakutegemea kukuta mtu.

"Bado upo, mama?"

"Nipo. Si umeniambia nisubiri?" Mama hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma. "Sasa sikiliza. Wagonjwa unawapa siku na saa, na wanaonwa. Niandikie na mimi. Iwe asubuhi, jua likiwa linaingia mlangoni kwangu, hapo ndipo naona bado. Likishapanda juu ya paa naona ukungu tu. Nataka nikuone uso, basi. Sikuweki."

"Jumamosi saa nne," Haloo akasema. Akachukua kalamu akaandika ili asije akasahau: Jumamosi, saa nne, Mama, kuonwa.

Aliandika kwenye daftari lililokuwa wazi mbele yake, na daftari lililokuwa wazi lilikuwa la bluu.

Hapo kuna jambo la kazi hii lazima ulijue. Kila jioni Haloo aliwapigia wateja wake akawasomea yaliyoandikwa, na kila alilosoma alilipiga tiki nyekundu. Kilichopigwa tiki kimefika kwa mwenyewe, kwa hiyo anakitoa kichwani. Asingefanya hivyo angeshaokota makopo, kwa shida za watu wanne zinazoingia sikio moja. Ijumaa jioni akamsomea daktari wa meno orodha ya kesho yake huku akiwa amechoka hoi. Saa tatu, dereva wa lori, kung'oa. Saa nne, Mama, kuonwa. Saa tano, bibi harusi, kusafisha. Daktari akaitikia kila moja. Haloo akapiga tiki zake tatu, akafunga daftari, akalala usingizi wa pono.

Jumamosi ikaanza kama siku nyingine. Mwalimu alikwenda kufundisha masomo ya ziada. Fundi bomba alikuwa na nyumba mbili zilizofurika, na Haloo alikuwa akiwatuliza wenye nyumba hizo kwa zamu. Saa tano kasorobo daktari wa meno mwenyewe akapiga, amekasirika. Alisema amekaa na kiti kitupu tangu saa nne, mgonjwa hajatokea wala hajatoa taarifa. Haloo akaomba radhi kwa sauti laini, akafungua daftari la bluu ili ampe namba ya huyo mgonjwa.

"Namba hukunipa jana," daktari akasema. "Hata jina. Ulinisomea Mama. Mama nani?"

Haloo aliutazama mstari ule na ile tiki nyekundu pembeni yake. Mwandiko ulikuwa wake. Akakaa chini sakafuni na simu sikioni. Daktari akauliza kama bado yupo kwenye laini.

"Ni mama yangu," akasema, na daktari akadhani hakusikia vizuri.

Alizitupia simu zote nne kwenye kikapu cha msalani, akatoka na kanga ya ndani na viatu visivyolingana, akakamata teksi ya kwanza iliyopita. Alimwambia dereva akanyage. Simu nazo zikakanyaga. Ya fundi ikaita, akapokea harakaharaka. Ya majeneza ikaita, akapokea chinichini, akampa mtu pole ya kufiwa na kaka huku machozi yake mwenyewe yakimtiririka, na aliyefiwa akamshukuru kwa kuguswa kiasi kile. Ya wakili ikaita, akapanda juu kidogo. Dereva alikuwa anamwangalia kwenye kioo muda wote.

"Dada," akauliza mwisho, "huko nyuma mmepanda wangapi?"

Haloo alikuwa anaangalia vivuli vya nguzo za umeme barabarani, jinsi vilivyokuwa vinafupika.

Alifika saa sita kasoro. Mama alikuwa amekaa kizingitini, amevaa gauni lake la heshima, nywele amezichana, na mbele yake kuna kiti kitupu kilichotazamana naye. Kiti kile kiliwekwa mahali ambapo jua la asubuhi lingempiga mgeni usoni. Sasa jua lilikuwa juu ya paa na kiti kilikuwa kivulini.

Mama aligeuza kichwa kufuata hatua. "Nani?"

"Ni mimi, mama. Nimechelewa. Nisamehe, nimechelewa."

"Ulikuwa na kazi," mama akasema. "Kaa hapo kwenye kiti."

Haloo akakaa. Mama alimtazama, yaani alielekeza uso upande wake na kukunja jicho lile moja, kisha akatingisha kichwa kidogo. Akaeleza kwamba saa nne alikuwa anaona mpaka kitasa cha mlango wa mpangaji, na alikuwa amefurahi. Kesho sijui, akasema, kuna asubuhi jicho linafunguka na kuna asubuhi haliamki kabisa. Haloo akafungua mdomo aseme kwamba atalala hapa hapa, kwamba kesho jua likiingia litamkuta amekaa kwenye kiti hiki. Jicho lake likaangukia kikapu. Chaja zote nne alikuwa amezisahau mezani kwake, na ya wakili ilikuwa imebakiza kijistari kimoja chekundu. Ikizimika itapotea simu ya tatu, na mshahara wa mwalimu haukuwa unafika hata katikati ya mwezi. Akafunga mdomo. Alijichukia kwa jinsi alivyoufunga upesi.

"Basi nitakushika," mama akasema. "Sogea."

Haloo akasogeza kiti mpaka magoti yakagusana. Mama akapandisha mikono taratibu, akampapasa paji la uso, nyusi, akasimama kwenye mfupa wa shavu. Akasema amekonda. Vidole vikagusa machozi, vikayafuta bila kuuliza, vikatulia hapo mashavuni. Haloo alifumba macho. Miezi minane hakuna mtu aliyekuwa amemgusa uso, naye alitaka mikono ile ikae hapo mpaka jioni.

Kikapu kikaita. Ilikuwa ya daktari wa meno.

Haloo hakusogea. Ukaita mlio wa pili. Mama alisikia jinsi mwili wa mwanawe ulivyokakamaa, akahisi na pumzi iliyokatika.

"Pokea tu, mwanangu," akasema. "Mimi nitasubiri kwenye laini."

Hakuwa anamkejeli, na laiti angekuwa anamkejeli. Mlio wa tatu ulipoanza, mkono wa Haloo ulikuwa umeshaingia kikapuni.

"Kliniki ya meno," akasema, "habari za mchana, nikusaidie nini?"

Na mashavu yakapanda yenyewe, kama yalivyofundishwa, chini ya vidole vya mama yake. Mama akayafuata kwa upole jinsi yalivyojikunja, akafika pembe za mdomo, akazikuta zimeinuka. Uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Aa," mama akanong'ona, asije akamharibia kazi. "Kumbe unacheka."