Kutu ya Tangi la Haruyoshi

Tangu msiba, Sawae alikuwa na adui mmoja tu duniani, nalo lilikuwa tangi la mafuta. Ndilo lililomuua mumewe, na aliyetaka kubishana naye alipewa mgongo. Mashua ya Haruyoshi ilikutwa ikielea nje ya kisiwa, injini imezima, kamba za ngisi hazijashushwa, mwenyewe hayupo. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari kabisa, basi midomo ya bandarini ikapata kazi: eti alijitosa mwenyewe. Sawae akawapa wote jibu moja: tangi kuukuu, kutu ikaziba njia ya mafuta, injini ikazima, mtu akainama kuitengeneza, akateleza. Aliyasema hayo mara nyingi hata akawa kama aliyekuwepo.

Sasa mashua ilikuwa nchi kavu, ikifufuliwa. Fundi alikuwa Kanji, mdogo wake Haruyoshi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Mbao zilizooza zilikwisha badilishwa, rangi nyeupe imepakwa, injini imefunguliwa na kusafishwa. Kilichobaki ni tangi jipya, la chuma kisichoshika kutu, ambalo Sawae alilichagua mwenyewe na kulibeba mwenyewe, akipita nalo makusudi mbele ya soko la samaki ili wenye macho waone.

Tangi likagoma kuingia.

"Shemeji," Kanji alisema, akifuta jasho, "hili umenunulia mashua au manowari?"

"Vipimo ulinipa wewe."

"Nilikupa vya tangi. Mlango wa chumba cha injini hukuniuliza."

"Kata mbao, baba. Kelele hazikati."

Kanji akakata ukingo wa mlango, akapiga randa. Kisha akakaa, akawasha sigara, akatazama milima. "Nenda nyumbani ukale, shemeji. Hili la zamani nitalitoa peke yangu. Kazi chafu hii."

"Nitalishika upande wa pili."

"Nitalitupa tu. Utaona nini?"

"Kutu," alisema Sawae. "Nataka niione kwa macho yangu, halafu nimwite mke wa Tokumatsu na wenzake wa midomo mirefu waje nao waione."

Kanji alishuka, akalegeza mikanda ya chuma, na wote wawili wakalipandisha tangi kwa kamba. Lilikuwa zito. Sawae alishangaa kidogo, kwa sababu alidhani yangekuwa yamebaki mafuta ya kulowanisha kitambaa tu. Kanji akayamimina kwenye ndoo kupitia kitambaa cheupe. Yakatoka dizeli safi, ikajaza ndoo, ikajaza na nyingine, na kitambaa kikabaki cheupe.

"Likate," alisema Sawae.

"Shemeji, basi."

"Kata, nimesema."

Grenda ikalia, cheche zikaruka. Tangi likafunguka, na ndani hamkuwa na kitu. Mlikuwa na alama za mafuta tu, na mstari mwembamba wa kahawia pembeni, usioweza kuziba hata tundu la sindano. Sawae aliingiza mkono akapapasa kila kona, kama mtu aliyeangusha pete. Akapapasa na nje, ndipo vidole vyake vilipofika kwenye koki ya chini, ile ya kupeleka mafuta kwenye injini. Mshikio wake ulikuwa umelala kando. Ilikuwa imefungwa, na chumvi ya siku nyingi imeushika mshikio.

Alijua maana yake, maana hakuna mke wa mvuvi pwani ile asiyejua. Injini huzimwa kwa wenzo wake, na koki huachwa wazi mwaka mzima. Hufungwa siku ya mwisho wa mwaka tu, mashua ikishavikwa kamba ya majani ya mpunga na kumwagiwa sake, pombe ya mchele, upande wa mbele. Mwenye mashua hushuka mwenyewe, hunyoosha mkono gizani nyuma ya tangi, huifunga na kuiambia mashua: umechoka, pumzika. Haruyoshi alipotea mwezi wa sita.

"Ni mimi," Kanji alisema haraka mno. "Niliifunga siku ile nilipoipata. Niliogopa mafuta yasije yakavuja."

Sawae akamtazama. Bandari nzima ilijua kwamba Kanji hakukanyaga mashua ile. Hakuna aikanyagaye mashua iliyopoteza mtu kabla kuhani hajaja na chumvi na mchele kuitakasa. Kanji aliinasa kwa upondo, akaifunga kamba, akaivuta nyuma ya yake huku akilia kwa sauti, na Sawae mwenyewe alikuwa gatini akimwona. Uongo wenyewe ulikuwa wa kitoto. Lakini alikuwa ameubeba tangu alipoifungua injini akaiona koki, kwa ajili ya Sawae.

"Ulifanya vizuri, shemeji," alisema Sawae.

Kisha akamwambia waendelee. Wakatandika raba, wakashusha tangi jipya, wakakaza mikanda, wakaunga mpira wa mafuta. Sawae alishika spana na kupokea bolti bila kukosea, na moyoni alikuwa akiipitia asubuhi ile tangu mwanzo. Haruyoshi alikula wali wote. Alisema supu ni nzuri. Alimkasirikia kwa neno gani? Hakumbuki neno lolote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Tia yaleyale mafuta," alisema.

"Yamekaa sana hayo. Nitaleta mengine kesho."

"Yaleyale."

Kanji akayamimina, akafungua koki, akaleta maji ya kupoza injini kwa mpira, akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza. Ikatulia, ikanguruma sawasawa, na watu waliokuwa wakishona nyavu wakasimama kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti kwamba Haruyoshi angefurahi.

"Niizime?" Kanji aliuliza.

"Iache."

Sawae alikaa ukingoni mwa mashua, mikono mapajani, akisikiliza. Alikuwa akiomba ikohoe. Mara moja tu, kidogo tu, ingemtosha kuishi nayo. Moshi ulipungua, ukawa mweupe, ukaisha. Makofi nayo yakaisha, watu wakarudi kwenye nyavu zao, na injini ikaendelea kunguruma vizuri.