Nusu Dakika ya Kunyamaza

Mimi si mwoga. Waulizeni mtaa mzima. Siku ile niliingia chumba cha mashine ya kupiga picha za ubongo hospitalini kifua mbele, kichwa juu, na koti la mpiga picha nimeling'ang'ania kwa mikono miwili hata akaniomba nimwachie angalau mfuko mmoja.

Kichwani mwangu kulikuwa na uvimbe wa saizi ya punje ya mahindi, jirani kabisa na sehemu inayotunga maneno. Daktari wa upasuaji hakunificha. "Mama, nisipojua maneno yako yanakaa wapi, sishiki kisu. Na tusipokata, uvimbe wenyewe utayala." Wifi yangu aliposikia kwamba huenda nikawa bubu, alisema ukoo utapumzika. Nililibeba neno hilo mpaka kwenye mashine.

Wakanivua bangili, pini za nywele, hata meno ya bandia kwa sababu ya waya wake. Wakanilaza, wakanisukuma ndani ya lile tundu kama mkate unaingia tanuri. Sauti ya mpiga picha ikanijia masikioni:

"Bibi, ukiona picha kwenye skrini hapo juu yako, itaje moyoni. Ukiona msalaba, nyamaza, hata moyoni. Nusu dakika kwa nusu dakika. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu zaidi. Mashine italinganisha ukisema na ukinyamaza. Tofauti ndiyo ramani ya daktari."

Ikaanza kugonga kama mafundi bati waliolewa. Kuku. Ndoo. Ufagio. Nikataja vizuri. Ukaja msalaba.

Nyie mmewahi kunyamaza moyoni? Nilijaribu. Ule ukimya ukanitisha kuliko kelele: nikaona ndivyo nitakavyoishi hadi nife. Nikatafuta neno la kushikilia, na la kwanza kuja likawa jina la wifi. Basi kila msalaba nikawa namjibu. Mashine ilipozima ghafla nilikuwa namalizia habari ya miguu yake, na sina hakika kama niliishia moyoni.

"Ulinyamaza kwenye msalaba, Bibi?"

"Kama maji mtungini."

Wakanitoa, nikakaa kitini. Kupitia kioo nikamwona mpiga picha akikuna kisogo. Akapiga simu. Daktari akaja mbio, akaiinamia skrini, akamnong'oneza binti yangu, aliyekuwa amekaa humo tangu mwanzo. Binti akaziba mdomo kwa kiganja.

Wakaja wote watatu.

"Mama," daktari akasema, "hakuna tofauti yoyote. Kama kweli ulinyamaza, basi uvimbe umeshavuruga sehemu yenyewe. Nafuta upasuaji wa kesho."

Nikisema kweli, aibu. Nikikaza, maneno yangu yanaliwa nikiyatazama.

"Pigeni tena," nikasema kwa ufizi mtupu. "Labda mashine ilichoka."

"Mashine haichoki. Ulinyamaza, hukunyamaza?"

"Nilikuwa... nasali kidogo."

Daktari akashusha pumzi ndefu. "Kusali nako ni kusema, Mama! Ndiyo maana panawaka tu, hapazimiki. Mrudishe ndani, tunapiga upya."

Binti yangu akafuta machozi, kisha akanikazia macho.

"Mama, mashine ilipozima nilikusikia kwenye spika ukisema miguu ya shangazi ni kama ya bata. Ndiyo sala hiyo?"