Nguruwe Watatu Wenye Rangi Nyekundu

Wakazi wote wa Kisiwa cha Mombasa, simameni! Mimi, Griffins, mwanafunzi wa bweni na bingwa wa kinga za mifugo, nina tangazo zito. Ubingwa wenyewe niliupata likizoni, nikishika nguruwe miguu huku wakininyea, katika banda la mama lililojificha nyuma ya maghala ya Shimanzi.

Daktari Jefwa alikuwa amewachanja wote dhidi ya homa, kisha akawatoa damu ikapimwe. Siku aliyoleta majibu, Mama alikuwa ufukweni, kule Mama Ngina, akikusanya mabaki ya chakula kwa wachuuzi, basi daktari akampigia simu.

"Mama Griffins, chanjo imewakinga wote ila watatu. Homa ikija, hao hawatapona. Nimewapaka rangi nyekundu mgongoni. Kesho mwenzangu atawarudia sindano."

Alipoondoka, niliwaosha wale watatu kwa sabuni, nikapaka rangi ileile wengine watatu, wanene, wenye sura za walimu wangu wa zamu. Nilitaka kuona kama sayansi itashtuka.

Mama aliporudi, alimkagua kwanza Malkia, jike mwenye mimba aliyemnunua baada ya kuuza cherehani yake. Mgongo ulikuwa safi.

"Asante Yesu! Malkia wangu amekingika."

Nilikohoa kwa heshima. Kesho yake mwenzake daktari akafuata rangi, akadunga, akaenda zake.

Homa ikaja. Malkia alisusa chakula, masikio yakawa zambarau, akazaa vitoto vilivyokufa, naye akafuata. Wawili wengine wakaanguka. Walimu wa zamu waliendelea kula.

"Utabiri gani huu, daktari?" Mama aliuliza, leso mdomoni. "Malkia hakuwa na rangi!"

Jefwa aliinama, akageuza sikio la mzoga wa Malkia. Ukingoni palikuwa na mikato midogo.

"Namba ya kila mmoja niliichonga hapa siku ya kutoa damu. Rangi ilikuwa ya kumrahisishia mwenzangu tu. Huyu ni mmoja wa wale watatu. Nani alibaki naye bandani?"

Mama alinigeukia.

"Mvua, Mama. Ilisafisha rangi."

"Na wale wanene? Mvua ya wapi hiyo inayopaka rangi, Griffins?"

Nilitafuta jibu la kuchekesha.

"Ni mimi, Mama. Malkia nilimwosha mwenyewe. Alitulia tu, akidhani namwogesha."