Barua ya Asilimia Mia Mbili

Handeni nzima, mwaka ule kompyuta zilipoanza kuingia madukani, aliyezijua nje ndani alikuwa mtu mmoja tu, ndiye huyu anayewasimulia. Nilikwenda Korogwe kwa mjomba nikasoma kozi fupi, cheti nikakitia fremu. Kwa hiyo Bwana Sadala alipofungua kibanda cha uchapaji karibu na stendi akamwajiri Agripina badala yangu, nikawa nashinda kwenye benchi lake la wateja, nangoja mwanamke yule aharibu.

Agripina alikuwa amepiga taipu miaka mingi kwenye ofisi ya shamba la mkonge, mpaka shamba likauzwa na mnunuzi akaja na watu wake. Hapa alikuwa kwenye majaribio. Sadala alishamwambia wazi: mteja akirudisha kazi, kesho asije.

Asubuhi moja akaingia Mzee Nkoitiko. Bonde wanakonyweshea ng'ombe lilitaka kupewa mwekezaji, na siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi ilikuwa hiyohiyo. Barua yake ya mkono karani wa ofisi ya ardhi aliikataa. Alisema siku hizi wanapokea za kompyuta tu, na herufi ziwe kubwa kwa sababu bosi haoni vizuri.

Agripina akaniuliza herufi zinakuzwaje. Nikamwonyesha kisanduku cha juu kilichoandikwa asilimia mia.

"Weka mia mbili, dada. Kitu kidogo hicho."

Akaweka. Herufi zikavimba kama maandazi kwenye mafuta. Mzee akasogea, akaliona jina lake bila kukunja jicho, akatabasamu. Tabu ikawa moja: kioo kilijaa, mstari ukakimbilia kulia na kupotea. Sasa mtu wa taipu, mstari ukifika ukingoni, anausukuma urudi. Basi kila alipofika ukingo wa kioo Agripina akabonyeza mstari mpya, barua nzima, kwa utaratibu wa mtu anayeshona.

Printa ikatema herufi za sisimizi, tena mistari mifupi imebanana upande wa kushoto. Nikasema ndivyo zinavyokuwa, mzee apeleke tu. Mzee akaenda, akarudi jasho linamtoka. Karani alimuuliza kama ile ni barua au utenzi.

"Ongeza," nikamwambia Agripina. "Tia mia tano."

Kioo kikabaki na nusu ya neno Mheshimiwa. Akachapa. Sisimizi walewale.

"Una hakika, mdogo wangu? Kwenye taipu ninachokigonga ndicho kinachotoka."

"Dada, taipu ni mambo ya mkoloni hayo."

Nikacheka peke yangu. Kumbe kisanduku kile kinamkuzia anayetazama tu, karatasi haina habari nacho. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Siku ile tulipunguza, tukaongeza, tukachapa tena na tena, mpaka mzee akainyakua ya mwisho akakimbia nayo. Alimkuta karani anafunga dirisha. Muda umekwisha, mzee, akaambiwa, kakate rufaa mkoani. Na huko nako wanataka ya kompyuta.

Alirudi akakaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Sadala naye akafika, akaona rundo la karatasi zilizoharibika. Agripina hakumtaja mtu.

"Nimekosea, bosi."

Sadala akamwambia kesho asije. Kisha akanigeukia mimi: wewe mwenye cheti, ulikuwa wapi usimwelekeze?

Nikamwambia ndiyo kwanza nafika. Nikaongeza kwamba watu waliozoea taipu vichwa vyao ni vigumu, ningekuwepo mimi barua ingetoka kubwa kama bango la sinema.

Mzee Nkoitiko akasema bila kupaza sauti, "Huyu yuko hapa tangu asubuhi, bwana. Mama alikuwa anafanya, yeye anasema."

Sadala akanitazama. Agripina alikuwa anaifunika mashine kwa kitambaa, mkoba tayari begani.