Kumtafuta Mpiga Besi

Muuzaji wa hedifoni alikuwa na mdomo, na hilo si tusi. Bila mdomo, duka lile dogo lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo lingekuwa limeshafungwa zamani. Alimtazama Mama Vifungo akiingia, mama mtu mzima, miwani puani, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya blauzi, akaamua papo hapo kwamba huyu ni wa zile ndogo za kuchomeka sikioni. Atachukua, ataondoka, hatamsumbua mtu.

"Karibu mama. Za kuongelea na simu, siyo?"

"Za kumsikilizia mtu," alisema Mama Vifungo.

Binti yake, aliyekuwa nyuma yake ameshika mikoba yote miwili, akaingilia kati. "Za muziki, kaka. Zile za kufunika sikio lote, zilizozibwa nyuma, kelele za nje zisiingie. Na ziwe za kukunjika, maana ataenda nazo kazini."

Huko kazini kwenyewe ni chumba kimoja chenye cherehani sita, na ukuta wa pili yupo fundi wa kuchomelea mageti ambaye akianza kukata chuma, hata ugomvi inabidi uahirishwe. Mama Vifungo ndiye mkubwa wa chumba hicho. Jina alilipata kwa sababu hajawahi kutupa kifungo maishani mwake. Ana makopo manane ya vifungo visivyo na wenzao, na ukimuuliza vya nini, anakwambia vina siku yao.

Sasa hapa lazima nieleze, maana mtu akisikia mjane anahangaika na hedifoni atadhani utu uzima umeanza vituko. Mume wake alikuwa mpiga gitaa la besi. Na nyie mnajua mambo ya bendi. Watu wakitoka dansini wanamsifu mwimbaji, wanamsifu wa solo, hata wa tarumbeta anapata lake. Mpiga besi yuko nyuma kule, karibu na ngoma, na hakuna anayemkumbuka mpaka siku asipokuja. Huyu wenzake walimwita Kimya. Alipiga ameinamisha kichwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kama mtu aliyedondosha funguo. Akafa mapema, kwa homa iliyoanza kama mzaha, binti yao akiwa hajajua hata kukaa. Kilichobaki ni shati moja na kanda moja ya kaseti yenye wimbo mmoja aliopiga, na ile kanda nayo redio iliitafuna. Siku hiyo Mama Vifungo alilia kuliko alivyolia msibani, na mawifi wakasema anajitia.

Miaka ikaenda. Mwezi uliopita binti katika pitapita zake akamfuma mwimbaji wa zamani wa ile bendi, mzee sasa, anafundisha kwaya. Mzee alikuwa nao ule wimbo. Akautuma kwenye simu bila hiyana, ila akaongeza neno, na afadhali angelimeza.

"Mwambie mama yako, Kimya alipofariki tulirudia kurekodi besi kwenye nyimbo kadhaa, kijana mwingine akapiga. Huu sikumbuki kama ni mmojawapo."

Neno hilo lilimkaa Mama Vifungo kooni. Usingizi ukamruka. Na ubaya ni kwamba alikuwa na njia ya kujua. Siku ya kurekodi wimbo huo, kabla ya ubeti wa tatu, pale mwimbaji anapovuta pumzi, Kimya alichelewa. Noti moja tu, kidogo tu. Kiongozi wa bendi alitaka warudie, wenye studio wakasema muda umekwisha, kiongozi akasema basi, acheni ilivyo, nani anasikiliza besi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Noti ikichelewa, ni yeye. Ikija kwa wakati wake, ni yule kijana mwingine, na mume wake hayupo tena popote duniani.

Lakini simu, jamani, simu haina besi. Kile kispika chake kidogo kilitoa magitaa, kikatoa tarumbeta, kikatoa ngoma kama debe linagongwa, na mahali pa mume wake pakawa patupu. Alijaribu spika kubwa ya kinyozi wa jirani na kwake. Hiyo ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka, na wateja wakaanza kucheza wamejifunga vitambaa shingoni. Akazima, akaenda zake amenuna. Ndipo binti akasema, mama, tukatafute hedifoni.

Muuzaji alianza na nyekundu kubwa zenye mataa. "Hizi ndizo vijana wanagombania. Besi yake utaisikia mpaka kwenye meno."

Akaisikia kwenye meno. Ilikuwa kitu kimoja kizito kinachosukuma, noti zimeungana kama uji, huwezi kujua ipi imetangulia na ipi imefuata. Hakufika hata ubeti wa pili.

"Huyu siye," alisema akizivua. "Mume wangu hakuwa mtu wa fujo."

Muuzaji akamwangalia binti, binti akaangalia dari.

Za pili zilikuwa na matundu mgongoni, wavu kabisa. Muuzaji alisema hizo ni za wajuzi, sauti inapumua, ingawa si za kutembea nazo. Na kweli, mwimbaji alikuja akasimama mbele ya Mama Vifungo, ungemshika shati. Lakini pikipiki ilipita nje nayo ikaingia ndani ya wimbo. Halafu akamwona kijana aliyekuwa anachagua chaja pale kaunta ameanza kutikisa kichwa, anafuata ngoma.

"Huyu naye anasikiliza nini?" Mama Vifungo aliuliza.

"Hizi zinavujisha nje kidogo, mama."

"Basi ziweke. Hata kama ni yeye, simtaki hadharani."

Za tatu zilikuwa nyeusi, hazina mbwembwe, zimezibwa nyuma vizuri, zinakunjika zikaingia kwenye kimfuko. Mama Vifungo alipozivaa, duka lilinyamaza. Mdomo wa muuzaji uliendelea kwenda bila sauti, na hilo peke yake lilikuwa raha. Wimbo ukaanza. Magitaa safi. Mwimbaji safi. Besi ilikuwa mbali, nyembamba, kama mtu anayezungumza nyumba ya pili. Akakaza masikio. Ukaja mwisho wa ubeti wa pili, mwimbaji akavuta pumzi, na pale palipotakiwa kuwa na noti hakupata kitu cha kushika. Akarudisha. Akasikiliza tena. Hakupata.

Hapo moyo ukamshuka. Alimtamani mume wake pale pale dukani, mbele za watu. Alitamani vidole vyake vigumu vya nyuzi, uzito wake upande wa pili wa kitanda, na kile kikohozi chake kabla hajasema jambo. Miaka yote amejikaza, watu wakamsifu kwa kujikaza, na hakuna aliyejua kwamba kila alipopita penye muziki alikuwa anatega sikio kule chini, huko kwenye besi, kama yupo.

Akazivua. "Hayumo," alimwambia binti. "Walimfuta."

"Mama, tujaribu nyingine."

"Nimechoka, mwanangu. Twende."

Akavua miwani ili afute macho. Sasa ile miwani, naomba muielewe. Mkono wake mmoja, ule wa kupita juu ya sikio, ulivunjika zamani, na Mama Vifungo, ambaye hanunui kitu anachoweza kukishona, aliufunga kwa uzi wa cherehani, akazungusha na kuzungusha mpaka ukanenepa kama kidole. Aliiweka kaunta. Akaona muuzaji anakuja na uso wa kumpa pole, na pole za watu hakuwa anazitaka. Akazivaa hedifoni tena ili asimsikie.

Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Mito ya hedifoni safari hii ikalala kichwani sawasawa, pande zote, bila pengo. Na kutoka chini ya wimbo, taratibu, bila fujo, mtu akaingia.

Mama Vifungo alishika kaunta.

"Ni miwani," muuzaji alimwambia binti, huku amejishika kichwa. "Ule uzi ulikuwa unainua mto, besi yote inatokea pembeni. Nilipaswa kuona, mimi tena."

Mama Vifungo hakuwa na habari nao. Alirudisha wimbo mwanzo. Besi ilitembea, noti moja baada ya nyingine, kila moja na nafasi yake. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Alikuwa anaogopa sasa. Mwimbaji akavuta pumzi.

Noti ikachelewa.

Alisimama pale hadi wimbo ukaisha, machozi yanamtiririka na wala hayafuti, anatabasamu kama msichana. Kisha akazivua, akamvalisha binti yake, akamsogezea nywele zisije zikaweka pengo, akauanzisha wimbo upya.

"Ni yupi?" binti aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu walioziba masikio. Alikuwa hajawahi kumsikia baba yake hata mara moja.

Zilikuwa zimezibwa barabara. Nje hapakutoka hata mchakacho, na Mama Vifungo hakuweza kusikia wimbo umefika wapi. Akamwangalia binti midomo, akaona anapokea kiitikio, akaweka kidole begani kwake na kuanza kumgongea ile besi kwa kumbukumbu tu. Binti akafumba macho. Kidole kikaenda, kikaenda, kikafika penyewe, kikasita, ndipo kikagonga.

Binti akafumbua macho, akainua mto mmoja.

"Hapa amechelewa. Na wewe umechelewa naye."

"Mlango wa studio ulifunguka," Mama Vifungo alisema. "Nilikuwa nimempelekea chakula, nawe uko tumboni, mkubwa, unanisumbua. Baba yako hainui kichwa akipiga. Siku hiyo aliinua, akatuangalia."

"Akatuangalia sisi?"

"Sisi."

Muuzaji, mwenye mdomo wake wote ule, aligeuka akaanza kupanga chaja zilizokuwa zimeshapangwa. Binti akaurudisha mto sikioni, akaukandamiza kwa kiganja, kisha akamkabidhi mama yake simu.

"Rudisha hapo hapo, mama," alisema. "Pale tunapoingia."